Nyota ya Zaire Bandarini Kindu

Municheke tu, mimi mwenyewe najicheka. Mimi njo naongoza nyimbo na ngoma za kusifu Chama hapa Kindu. Juzi redio ilisema wataalamu wa Ulaya wamegundua jiwe linalozunguka jua, wakaliita kwa jina la nchi yetu, Zaire. Kwamba halionekani bila darubini, sikungoja kusikia, nilishakimbilia ngoma.

Jioni nikajaza wachezaji bandarini. Komisera, mukubwa wa mji, akauliza:

“Iko wapi hiyo nyota?”

Nikanyooshea kidole mwanga mkali mbali juu ya Lualaba.

“Njo ile, sitwayeni Komisera!” Siku hizi hatuitani tena bwana, ni sitwayeni, yaani raia.

Tukauchezea, wamama wakapiga vigelegele. Halafu nyota yetu ikapiga honi, ikatia nanga gatini na magunia ya mchele na mbuzi.

Hakuna aliyethubutu kuacha kucheza. Komisera alikuwa bado anapiga makofi.