Je, Una Mchango?

Swali la kumi na nne ndilo lililonitia adabu. Nililitunga mwenyewe, nikalifupisha mwenyewe, na sina wa kumlaumu, ingawa kwa muda nilijitahidi kumtafuta.

Nilikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uuguzi. Kwetu Tingi, kijiji cha Kilwa, shahada hiyo ilikuwa kichekesho. Nesi walimjua: ni yule wa zahanati, afoke, achome sindano, afoke tena. Jambo la kusomewa miaka minne hapo walikuwa hawalioni. Mjomba wangu aliniuliza mbele za watu, "Kwani hiyo sindano yenu ina urefu gani?" Nilicheka kwa mdomo tu. Siku hizo hasira zangu zilikuwa karibu, kwa sababu mwaka wa pili nilishawahi kurudia mtihani wa baiokemia, na chuo kilikuwa kimeniambia wazi kwamba hakuna nafasi nyingine. Ripoti ya utafiti ikichelewa au ikikataliwa, wenzangu wataingia kwenye mahafali na mimi nitarudia mwaka. Kwa hiyo ripoti ile ndiyo ilikuwa shahada yenyewe.

Mada yangu ilikuwa ushiriki wa wanawake katika kamati za afya za vijiji. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza masharti. Biashara zilifunguliwa, maduka ya dawa ya watu binafsi yaliota Nangurukuru kati ya wauza chapati na wauza mitumba, na hospitali za serikali nazo zikaanza kututaka tuchangie. Neno mchango lilikuwa kila mahali: mchango wa shule, mchango wa zahanati, mchango wa mwenge. Nami nikaandika: "Je, una mchango wowote katika shughuli za kamati ya afya ya kijiji chako?" Msimamizi wangu, daktari mmoja mkali kutoka bara, mtu wa kusahihisha hata salamu, aliipitia fomu nzima akatia saini.

Lakini mpiga chapa wa idara akasema fomu haienei kwenye stensili moja ya kurudufia, na stensili ya pili hana. Nikaanza kukata mikia ya maswali pale pale mezani kwake. Swali la kumi na nne likabaki: "Je, una mchango?" Chini yake: "Tangu lini?" na "Nani alikushauri?" Sikumrudishia msimamizi aione. Safari ilikuwa kesho yake, na niliona ni jambo dogo.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujipenda. Nilipita nyumba kwa nyumba na ubao wangu wa kuandikia, nasoma swali kama lilivyo, najaza jibu.

"Una mchango, mama?"

"Ninao," wanajibu, wengine wakiangalia chini.

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wa pili."

"Nani alikushauri?"

"Mama mkwe."

Karibu kila nyumba ilikuwa hivyo. Kuna aliyefunga kwanza mlango ndipo akajibu, na mimi nikasema moyoni, hii ndiyo haya ya wanawake wa kwetu, hawapendi kujisifu. Siku ya tatu niliandika kwenye daftari, tena kwa Kiingereza, kwamba uzazi huwaamsha wanawake kushiriki katika afya ya jamii, na kwamba mama mkwe ndiye nguzo ya uhamasishaji. Daftari hilo bado ninalo. Hulitoa nikijiona najua sana.

Nilikuwa nimefikia kwa bibi yangu, mama yake mama. Asubuhi ya nne nilipotoka chumbani nikakuta wanawake wanne wamekaa mkekani barazani. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba, kisha wakabaki wananitazama mikono. Bibi akaniita uani, alikokuwa akimenya mihogo. Bibi alikuwa akiniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu, ingawa babu alikuwa amekufa zamani.

"Mke mwenzangu," akasema, "dawa umeiweka wapi?"

"Dawa gani, bibi?"

"Ya mchango. Umezunguka kijiji kizima ukiuliza nani anao na nani hana. Mtu haulizwi maradhi yake ya siri bure."

Nilisimama pale na mswaki mdomoni. Kwetu mchango ni maumivu ya tumbo la chini ya mwanamke, yale yanayokuja na siku zake au yasiyoondoka kabisa, yanayosemwa kuwa huharibu mimba. Nililijua neno hilo kabla sijajua kusoma. Bibi huyu huyu alikuwa akiwachemshia majirani mizizi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikichochea moto. Kisha nikaenda sekondari ya bweni, nikaenda chuo, nikapewa mchango mwingine wa vikao na kamati, na ule wa kwetu nikausahau kama mtu anavyosahau ufunguo nyumbani.

Nilimweleza bibi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Msomi wangu," akasema. Mimi nilikuwa nalia. Niliona aibu, na nyuma ya aibu ilikuja hofu yenyewe: nilibadilisha fomu bila ruhusa, majibu yote ni ya swali nisilouliza, na mawingu ya masika yalikuwa yameshajaa. Mvua ikichanganya, Rufiji hufurika, kivuko husimama, na mtu wa kusini hukaa kusini. Muda wa kuanza upya sikuwa nao.

"Kuuliza si ujinga, mke mwenzangu," bibi akasema alipomaliza kucheka. "Ila mtu aulize anachokijua. Nenda kamwambie mwalimu wako. Atakupiga?"

Hakujua kwamba ningependa anipige tu yaishe.

Simu ilikuwa posta, Kilwa Masoko. Nilipanda lori hadi Nangurukuru na jingine hadi Masoko, nikakaa kwenye foleni, na zamu yangu ilipofika laini ilikuwa mbovu, ya kupiga kelele.

"Shikamoo, Daktari. Ni kuhusu swali la kumi na nne. Nililifupisha."

"Sikusikii."

"Nililifupisha! Wamenijibu mchango mwingine!"

"Mchango upi?"

Nikageuka. Foleni nzima ilikuwa imenyamaza, na karani ameacha kugonga mihuri.

"Wa tumbo, Daktari! Mchango wa tumbo! Wa wanawake!"

Simu ikakoroma. Nilidhani amekata. Nilianza kufikiri nitamwambiaje mama yangu, maneno gani kwanza.

"Wangapi wamesema wanao?" akauliza.

"Karibu wote."

"Na wangapi wamekwenda hospitali?"

"Sikuuliza, Daktari."

"Sasa umekaa huko unafanya nini? Rudi ukaulize. Mada nitaibadilisha mimi huku, barua nitaiandika leo. Na wewe binti."

"Naam."

"Usifupishe tena."

Nilirudisha mkono wa simu mahali pake. Sijawahi kufurahi namna ile, hata siku ya kuposwa. Nilicheka peke yangu na machozi yakanitoka tena, ya namna nyingine. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.

"Mwanangu, na mimi ninao. Niandike."

"Na mimi," akasema wa nyuma yake.

Niliwaandika wote wawili pale pale kwenye benchi la posta.

Niliporudi Tingi niliacha ubao ndani. Nilikaa mkekani nikasema, "Nieleze huo mchango wako," na nikanyamaza. Nilichojifunza kwa siku tatu zile sikukipata kwa miaka minne. Mmoja alipoteza mimba tatu. Alikwenda zahanati mara moja tu, akasema ana mchango, akaambiwa mchango si ugonjwa, aseme anaumwa nini. Jina jingine hakuwa nalo, akarudi nyumbani. Niliona haya kwa niaba ya sare yangu. Kila aliyeniambia nilimwandikia karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya, nikayatafsiri maumivu yake kwa lugha ambayo wa hospitali hawataweza kuifukuza mlangoni.

Wa mwisho alikuwa mama wa rafiki yangu wa shule ya msingi. Alipomaliza yake, akauliza, "Na wewe je, unao?"

Nilikuwa nikimeza vidonge kila mwezi tangu kidato cha pili. Kuna miezi niliandika mitihani nikiwa nimekunja mwili juu ya dawati.

"Hapana," nikasema, upesi.

Alinitazama kidogo, kisha akazungumzia mvua. Usiku ule majibu machache ya "hapana" kwenye fomu zangu niliyasoma kwa jicho jingine.

Rufiji niliivuka siku mbili kabla kivuko hakijasimama. Ripoti niliipeleka kwa wakati, na baada ya wiki kadhaa nikaitwa mbele ya watahini watatu kuitetea. Yote yalikuwa kwa Kiingereza, na yote yalikwenda salama salimini, msimamizi wangu akiwa amekaa pembeni amekunja mikono. Mwishoni mtahini mkuu, profesa mmoja wa kike mwenye mvi, akafunga jalada.

"Sasa tuache Kizungu," akasema. "Katika kazi hii, wewe mwenyewe una mchango gani?"

Msimamizi akakohoa, akaangalia dirishani. Mimi jibu nilikuwa nimelikariri, lenye sera na mapendekezo ndani yake. Lakini niliposikia neno lile nilimwona mama wa rafiki yangu akizungumzia mvua.

"Ninao, Profesa," nikasema. "Tangu kidato cha pili."

Msimamizi ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mmoja, akafuata mwingine, na mimi nikacheka nao mpaka nikashika ubavu. Profesa hakucheka. Alisubiri tumalize.

"Na hospitali umekwenda?"

"Bado."

Akafungua jalada, akaandika mstari mmoja, akatia saini, akanigeuzia nisome. Nilikuwa nimefaulu.

"Hilo limekwisha," akasema. "Sasa nenda."

Nikaenda Jumatatu yake. Nesi wa mapokezi aliniuliza ninaumwa nini, nikamwambia mchango.