Kaseti Niliyokataa Kuitoa

Nimeuza mashine za gemu mara mbili maishani, mara ya kwanza Nakuru na mara ya pili Mwanza, na kote nilifukuzwa kazi kwa sababu ya mdomo. Mteja akiingia na kuuliza mashine mpya inafanya nini, nilimwambia ukweli: haifanyi kitu. Unanunua ile gemu moja iliyowekwa ndani ya boksi. Wenye kiwanda huitengeneza gemu hiyo kwa ajili ya mashine hiyo tu, haichezi kwenye nyingine yoyote, na wanaipamba kuliko zote zitakazofuata. Kisha wanaiwasha dirishani mpaka unasahau kwamba unachobeba nyumbani ni dude la plastiki. Wenye maduka hawakuyapenda maneno hayo. Lakini najua ninachosema. Nina gemu ya namna hiyo ndani ya mkoba wangu tangu nikiwa kidato cha pili, na sijawahi kuicheza hata dakika moja.

Tuliishi Kisumu, katika nyumba za wafanyakazi karibu na bandari, ambako baba alikuwa karani. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Ndugu yangu alinifuata baada ya mwaka mmoja na nusu, lakini kwa kuwa ni mwanamume, yeye ndiye aliyehesabiwa wa kwanza. Kwetu kijijini, kando ya ziwa, mbegu haziingii shambani kabla wakubwa hawajaanza, na mdogo hajengi nyumba kabla ya mkubwa. Ukiruka zamu unaleta chira, ile laana inayokondesha watu wa boma zima. Baba alihamia mjini na taratibu hizo zote, kisha akaongeza zake. Redio mpya ilipokuja, iliwashwa na ndugu yangu. Hata mkate wa Krismasi ulikatwa na yeye, akiwa na miaka saba, na mimi niliyetumwa kuununua nikimshikia sahani.

Boksi lilifika mwezi wa tano, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba mdogo, aliyekuwa akisoma Marekani, alimpa mama mmoja aliyekuwa akisindikiza maiti ya mumewe kuja kuzikwa upande wa Sondu. Wakati huo safari ya maiti ndiyo ilikuwa posta yetu. Msiba ukitua, nusu ya mji ilikwenda kulia na kuuliza kama kuna mzigo wake. Baba alirudi kutoka matangani na boksi begani, limeandikwa kwa rangi nne. Ndani mlikuwa na mashine ya kijivu, padi mbili, adapta nyeusi nzito kama tofali, kijitabu, na kaseti ya gemu, kipande cha plastiki kinachotosha kiganjani. Barua ya baba mdogo ilikuwa fupi. Watu wa huko, aliandika, wanapanga foleni kwa ajili ya gemu hii, na wengi hata hawajui mashine yenyewe inaitwaje.

"Tuiwashe, Baba," nilisema.

Baba alinitazama kana kwamba nimeomba kuvaa suruali yake. "Ndugu yako yuko shule."

"Atafunga mwezi wa nane!"

"Basi itawashwa mwezi wa nane."

Ndugu yangu alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni upande wa Maseno. Mimi nilisoma shule ya kutwa, kwa hiyo nilikuwa nyumbani kila siku na boksi lile, nalo lilikuwa juu ya kabati. Niliruhusiwa kushika kijitabu peke yake, kwa sababu baba aliona karatasi haiwezi kuharibika.

Nilikisoma mpaka uzi wake ukalegea. Gemu ilikuwa ya mnyama mdogo wa kubuni, kama fungo mwenye masikio marefu, amebeba taa kichwani. Anashuka katika mji uliozama, ghorofa baada ya ghorofa, akiwasha vyumba kumi na viwili kabla pumzi haijamwishia. Mimi niliona mji huo uko chini ya maji palepale mbele ya ufukwe wa Dunga, na mabati ya nyumba zake yanaonekana ukiinama kwenye mtumbwi. Nilijua chumba gani kina mtego wa mawe. Nilijua kwamba katika chumba cha tano lazima usimame tuli mpaka samaki mkubwa apite. Na ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya mlango wa chuma umefungwa, na chini yake maneno: kilichoko nyuma ya mlango huu hatukwambii. Mchezaji atajionea mwenyewe.

Hapo ndipo waliponinasa wale wenye kiwanda, watu ambao hawakujua hata kama Kisumu ipo. Nilitaka kuuona mlango ule ukifunguka. Sikuhitaji kuwa wa kwanza duniani. Nilitaka niufungue mimi.

Nilichora vyumba vyote kwenye makaratasi ya boksi za biskuti. Padi niliitengeneza kwa pakiti ya sabuni na vifuniko vinne vya soda. Rafiki yangu wa darasani alikuwa wa mtaa wa Nyalenda, na jioni nilimsindikiza foleni ya maji huko, tukacheza tukisubiri mtungi usogee. Yeye alibonyeza vifuniko, mimi nikisukuma mnyama wa karatasi juu ya ramani.

"Ruka!"

"Nimeruka."

"Umechelewa. Umekufa."

"Yawa! Mashine gani hii inaniua kila siku?"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuja kuangalia. Mmoja alikuwa anauza omena, dagaa wa ziwani, na yeye akataka zamu yake. Alikufa chumba cha pili na akasema mawe yale hayakuwa hapo mwanzo.

Adapta niliishika mara moja tu, siku mama alipokuwa akifuta vumbi kabati na akaniomba nimpokee vitu, boksi likafunguka ikateleza mkononi mwangu. Ubavuni iliandikwa volti 120. Nilikuwa nimesoma mambo hayo darasani. Umeme wa kwetu ni 240. Jumamosi hiyo nilikwenda soko la Kibuye kwa fundi mmoja wa redio, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Ukichomeka hiyo kwa ukuta," alisema, "utakaanga mayai juu yake. Lete hapa. Nina transfoma ya kupunguza umeme, nitawaazima."

Nilimwambia baba wakati wa chakula. Hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Kwani wewe ndiye uliyeletewa?"

"Hapana, lakini itaungua."

"Mwenyewe atakuja. Ataona la kufanya."

Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Mama alikuwa na ufundi huo, wa kuninyamazisha bila kusema neno.

Mwenyewe alikuja mwezi wa nane, na wanafunzi wenzake wawili waliotaka kuona maajabu kabla ya kwenda kwao. Ilikuwa Jumamosi mchana. Baba alikuwa amevaa shati la kanisani. Boksi lilishushwa, televisheni yetu nyeusi na nyeupe ikatolewa kitambaa, na ndugu yangu akakaa kwenye kiti cha baba. Alianza kuwaeleza wenzake gemu ambayo hakuijua.

"Huyu ni panya. Anapigana na majeshi."

"Si panya," nilisema. "Na hakuna majeshi. Anawasha taa."

"Nani amekuuliza, nyako?" Nyako ni msichana. Kwa sauti ile, likawa tusi. Wenzake wakacheka.

Alitumbukiza kaseti, akaunga waya za televisheni, kisha akachukua adapta na kuielekeza kwenye soketi ya ukutani. Nilimshika mkono.

"Usichomeke hapo. Hiyo ni ya volti mia na ishirini. Inataka transfoma. Fundi wa Kibuye anayo, naweza kukimbia sasa hivi nikaileta."

"Niachilie."

"Iangalie kwanza, imeandikwa!"

"Baba, mwambie huyu aniache."

"Wewe," baba alisema, "toka hapo. Kaa na mama yako."

Nilitoka. Ndugu yangu alichomeka. Kulisikika mlio mdogo tu, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti, kisha adapta ikaanza kunuka. Ulitoka moshi mwembamba sana, ungeweza kuupuliza ukaisha. Mmoja wa wenzake alisema, "Omera, rafiki yangu, imekufa kabla panya hajatoka." Hakuna aliyecheka mara hii.

Ndugu yangu alikuwa na miaka kumi na minne, na sekunde tatu zilimtosha kufikiri.

"Huyu ameigusa," alisema. "Amekaa nayo muhula mzima. Lazima ameijaribu."

Baba aliniuliza kama niliishika. Nikasema niliishika adapta siku moja, mama akifuta kabati. Nilimtazama mama aseme. Mama alikuwa akikunja kile kitambaa cha televisheni, akakikunja tena, na tena.

Hilo lilitosha. Baba hakuona volti wala transfoma. Aliona kitu cha mtoto wa kwanza kimeshikwa na mtu asiyestahili kabla ya wakati wake, na kikafa, kama mbegu zilizopandwa na mtu asiye na zamu. Aliniamuru nimwombe ndugu yangu msamaha, nikiwa nimepiga magoti, mbele ya wale wavulana wawili. Niliomba. Ndugu yangu alisema, "Sawa, nimekusamehe," na mpaka leo hilo ndilo neno ninalolichukia kuliko mengine yote aliyowahi kuniambia.

Kisha baba akasema, "Rudisha kila kitu kwenye boksi."

Nilirudisha mashine. Nilirudisha padi mbili, waya, na adapta iliyokuwa bado ya moto. Kaseti niliichomeka kiunoni, ndani ya sketi. Nilifunga boksi vizuri nikalipandisha juu ya kabati, na hakuna aliyetazama.

Ndugu yangu hakuwa mjinga, nampa hiyo. Kabla shule hazijafunguliwa alikwenda Kibuye kimyakimya, kwa fundi niliyemtaja mimi. Fundi alimwambia kilichoungua ni adapta peke yake, mashine ni nzima, akamtengenezea nyingine. Akalibeba boksi hadi Maseno bila kukagua vilivyomo, akalifungulia bwenini, mbele ya wavulana aliowaahidi gemu mwezi mzima. Waliiunga kwenye televisheni ya shule. Ikawaka. Ikaonyesha kioo cheupe kitupu, basi, kwa sababu haikuwa na kaseti, na Kisumu nzima hapakuwa na duka la kuuza nyingine. Nasikia walimwita Kioo mpaka kidato cha nne.

Barua ilinifikia baada ya wiki. "Dada, najua unayo. Tafadhali nitumie kwa gari la Jumamosi." Dada! Tangu tuzaliwe hakuwa ameniita hivyo. Sikujibu. Desemba alipindua godoro langu, akamwaga hata gunia la njugu la mama. Kaseti ilikuwa Nyalenda kwa rafiki yangu, ndani ya chungu kilichopasuka.

"Mpe ndugu yako kitu chake," mama alisema.

"Alikiwasha, kikaungua," nilimjibu. "Wewe ulikuwepo. Au hukuwepo?"

Mama hakunigusia tena jambo hilo.

Nilipomaliza kidato cha nne niliondoka, na sijakaa mahali pamoja zaidi ya miaka miwili tangu hapo. Sondu nilikaa kwa muuza nguo, Kericho kwenye hoteli, Nakuru, Mwanza. Kila nilipofungua mkoba chumba kipya, kaseti ilitoka kwanza. Karatasi yake ilichakaa, yule mnyama akabaki na taa bila uso. Niliikumbuka nyumbani kwa uchungu, hata harufu ya samaki wanaokaangwa pale ufukweni ilinirudia, lakini sikurudi.

Nilirudi mwishoni mwa miaka ya tisini, kumzika baba kijijini. Siku iliyofuata mazishi, asubuhi, ndugu yangu alinikuta nyuma ya nyumba nikiosha masufuria. Alikuwa amenenepa.

"Bado unayo?"

"Ninayo. Iko ndani ya mkoba."

"Mashine iko kwangu. Niliihifadhi vizuri. Na adapta yake." Alichuchumaa, akachukua sufuria moja akaanza kuisugua na majivu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Tumechoka na hii vita, dada. Lete tuicheze leo. Nina jenereta, ile ya matanga, hawajaichukua."

Niliuona ule mlango wa chuma.

"Nitaanza mimi?" nikamuuliza.

Alicheka. Kisha akaona sicheki. Aligeuka akatazama uani, ambako wazee walikuwa wameketi kwenye viti vya kukodi, na watoto wake wawili wa kiume wakizunguka jenereta.

"Wewe unajua vile mambo ya hapa yalivyo," alisema kwa sauti ya chini. "Baba hajamaliza hata siku mbili kaburini. Wacha nianze tu, hata dakika moja, halafu nakupa padi yote. Ni dakika moja."

"Na ni gemu tu, si mbegu."

"Ndiyo, ni gemu tu. Sasa unakatalia nini?"

Nilisuuza sufuria iliyokuwa mkononi mwangu, nikaichukua na ile yake, nikazianika zote juani. Niliingia ndani, nikachukua mkoba, nikamuaga mama. Ndugu yangu alinifuata mpaka kwenye ua wa boma na hakuvuka. Alisema kwamba mashine bila kaseti ni takataka. Nikamwambia najua, na kwamba kaseti bila mashine pia ni takataka, na nikashika njia ya barabarani.