Majani ya Ua

Nimemsaidia jirani kupunguza ua wake wa yale maua ya manjano, na sasa mikono yangu inanuka shamba la mama.

Mvua ilikuwa imeanza, lakini mke mkubwa wa baba alikuwa amelazwa Migori, na kwetu mke mdogo hapandi kabla ya mkubwa.

"Nimekatazwa mbegu, sijakatazwa majani," mama alisema, akiyakatakata yale majani machungu ya ua wetu wa maua hayohayo ya manjano na kuyafukia kwenye mashimo matupu.

Mama mkubwa alirudi, akapanda, nasi tukafuata. Mahindi yetu yakanawiri, yake yakapauka.

Asubuhi moja mama mkubwa akaja na panga, bila hata salamu. Mama akanivuta nyuma yake.

"Nyieka, mke mwenzangu," mama mkubwa akamwambia, "hayo majani ya ua nikate upande gani?"