Bibi Alikuwa Akiongea na Mbuzi

Mnisamehe mwandiko huu na herufi zitakazopotea njiani. Niliishia darasa la saba na huandika polepole, ila mbele ya watu sauti hunikimbia, hivyo nashika kalamu. Juzi jioni, hapa kijijini Ntalikwa, Tabora, jirani aliyehamia karibuni alikuwa akiita mbuzi wake kwa Kinyamwezi, kwa ile sauti inayoanza juu, ikashuka, kisha ikapanda kidogo mwishoni. Nikajikuta nimesimama na kikombe cha chai mkononi, naelekea zizini kwake. Nilirudi kabla hajaniona, nikacheka peke yangu, nikamkumbuka bibi.

Nilikuwa na miaka tisa mdogo wangu alipozaliwa. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, na baba alipenda kusema kwamba Kiswahili kilifika Tabora kwa miguu, kimebebwa pamoja na mizigo, hivyo ni aibu mtu wa hapa kukiongea kwa kuchechemea. Yeye aliingia shule akijua Kinyamwezi tu, na darasa zima likamcheka. Basi akaweka sheria: mtoto huyu asiongeleshwe Kinyamwezi na yeyote. Mama alishinda kwenye shamba la tumbaku, na mlezi alikuwa bibi, mama yake baba. Baba akamwambia kwa heshima zote kwamba akishindwa, mtoto atalelewa na jirani, na yeye atakwenda kupumzika kwa shangazi, Sikonge. Mimi nikapewa kazi ya kusikiliza na kutoa taarifa.

Bibi hakubisha. Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akakaa kukata viazi vitamu vya kuanika viwe michembe, akaanza kuongea Kinyamwezi na mbuzi. Aliwasimulia nani kaolewa na nani kaachika. Aliwauliza swali, akanyamaza kungoja, na mtoto, alipofikisha miezi michache, akawa anaitika "aah" kwa niaba ya mbuzi. Nilipomkumbusha sheria alinitazama kama mtu anayeumwa.

"Mtoto sijamwambia neno, mjukuu wangu. Baba yako amekataza na mbuzi?"

Nilifikiri sana. Mbuzi hawakukatazwa. Tena mimi nililala kwenye mkeka wa bibi, khanga yake ikinukia moshi na asali, na sikutaka aende Sikonge. Kila jioni baba alipouliza, nilijibu ukweli mtupu: bibi hajamwongelesha mtoto Kinyamwezi.

Tabu ni kwamba mtoto alielewa kuliko mbuzi. Alikuwa hajatamka neno hata moja, lakini bibi akiwaita mbuzi walambe chumvi, yeye alitambaa mbio kwenda mlangoni. Akiwafukuza kwenye mahindi yaliyoanikwa, yeye alirudi nyuma kwa makalio. Siku moja nilimjaribu. Nikasema maneno yaleyale ya bibi, ila nikayanyoosha bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayesoma tangazo. Aliendelea kunyonya kidole.

Jumapili moja baba alileta mwalimu wangu nyumbani, amwonyeshe mtoto wa Kiswahili. Baba akachuchumaa, akasema, "Njoo kwa baba." Mtoto alimtazama kwa upole, akageuka, akaanza kutambaa kuelekea mafiga, kwenye sufuria ya maji ya ugali yaliyokuwa yakichemka. Baba akaita, acha, rudi, hatari. Mtoto alizidisha mwendo. Bibi, aliyekuwa akichambua mlenda ng'ambo ya ua, alianza kuinuka, lakini baba alimtangulia kwa sauti. Kooni mwake kikatoka Kinyamwezi cha kufukuza mbuzi, kikapanda na kushuka vilevile kama cha bibi.

Mtoto akarudi nyuma kwa makalio hadi kwenye mkeka.

Mwalimu alichungulia ndani ya kikombe chake. Bibi akakaa tena.

"Umemwambia nani, mwanangu?"

Baba alikohoa, akatazama zizi. "Mbuzi, mama."

"Amesikia," akasema bibi, akaendelea na mlenda.

Hakuna aliyekwenda Sikonge, wala mimi sikuulizwa tena taarifa.

Sasa bibi hayupo, na zizi limekuwa chumba cha kupangisha. Mdogo wangu yuko Dar, Kiswahili chake kimejaa maneno ya mjini ambayo baba hayaelewi. Baada ya ile jioni ya jirani nilimpigia simu, nikamwita kwa sauti ya bibi, bila salamu. Halafu nikasikia kiti kikisogezwa.

"Nimeshasimama, dada," akasema. "Sasa niende wapi?"

Nawe unayesoma, kama kuna sauti inayokuinua kitini hadi leo, niandikie ilivyokuwa. Usione haya kwa makosa, mimi pia nasoma polepole.