Bitana ya Mfarishi wa Mjukuu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Nilikabidhiwa gunia la vipande vya nguo nikaambiwa nichambue: vizito huku, vyepesi kule, vinavyochuja rangi peke yake. Nilitoka Mulanda nikidhani ufundi ni kukanyaga mashine tu, kwa hiyo nilinuna hadi jioni.

Kilikuwa chumba cha ushonaji cha akina mama wa kanisa, mjini Tororo, uhuru wetu ukiwa bado mchanga. Mkuu wetu tulimwita Mama Msimamizi, mjane kutoka Buteba, asiyetania na mtu mbele ya mkasi. Tulishona gomesi za wateja, yale magauni marefu ya mshipi ya akina mama wa kwetu, na mabaki yakawa mifarishi. Ninyi mnaonunua blanketi dukani, sikilizeni: mfarishi una tabaka tatu, vipande vilivyoungwa juu, blanketi kuukuu katikati, na chini kitambaa kizima, yaani bitana.

Sheria ya Mama Msimamizi ilikuwa kwamba kipande kikae kama kilivyoanguka, kikatwe siku ya kushonwa tu. Mimi niliona magunia yale ni fujo. Wiki aliyokwenda kumuuguza dada yake, nilikata kila kipande kuwa mraba wa upana wa kiganja, nikaipanga yote kama sabuni dukani. Nikajiona fundi kwelikweli.

Wiki hiyohiyo nilikata gomesi ya bibi harusi wa Molo. Kitambaa kilikuwa na maua upande mmoja tu. Nilikikunja vibaya, nikapata mikono miwili ya kushoto, na mkono wa gomesi una ncha begani, haugeuziki. Harusi ilikuwa Jumamosi, siku ile ni Alhamisi, na jora lile lilishakwisha madukani. Nikakimbilia magunia. Maua yaleyale yalikuwemo tele, yote ya kiganja kimoja, na mkono wa kuungaunga hauvaliwi harusini. Nilikaa sakafuni nikalia. Nilijua nimemharibia mtu harusi yake, na kazi yangu nayo imekwenda.

Mama Msimamizi aliporudi jioni ile alinikuta palepale. Nilimweleza yote bila kuficha. Akaokota mraba mmoja, akaupima begani kwangu.

"Mtoto yangu," akasema, "kubwa nafanya ndogo siku yoyote. Ndogo nani nafanya kubwa?"

Akaenda nyumbani kwake, nyuma ya kanisa, akarudi na mfarishi mpya aliomshonea mjukuu wake wa kwanza, ambaye alikuwa hajazaliwa. Bitana yake ilikuwa ya maua yaleyale, haijafuliwa hata mara moja. Akanipa wembe.

"Fumua."

Nilimwambia siwezi, ni ya mtoto. Akajibu kwamba mtoto bado yuko tumboni, hana haraka. Mwenye haraka ni bibi harusi. Tukafumua pamoja, tukakata mkono wa kulia. Ijumaa mchana gomesi ilikuwa imeshapigwa pasi. Bibi harusi aliivaa, akazunguka mara mbili mbele ya kioo, akacheka. Ndipo nikapumua, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Adhabu yangu ilikuwa kuunga bitana nyingine kwa miraba yangu mwenyewe. Niliishona kwa aibu, na sijaona tena mfarishi wenye vipande juu na chini.

Baadaye nilihamia Busia, nikawa msimamizi na mimi. Kila mwanafunzi nilimwanzisha na gunia. Walinuna, nikawaacha wanune, akiba haiozi.

Nilipostaafu, mjukuu yule, sasa mama wa watoto wanne, aliniletea mfarishi ule niurekebishe. Bibi yake, Mama Msimamizi, alikuwa ameshatutoka. Aliutandaza kitandani kwangu, miraba yangu ikiwa juu. Nilimwambia ameugeuza.

"Hapana, Mama," akasema. "Bibi alitufundisha huu ndio upande wa juu."

Nikakaa kitini, nikapumua kwa mara ya pili.