Kisu Kilichobaki Kiunoni

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, na nisingekuwa na haja ya kuikumbuka leo kama usingekitoa tena hicho kisu chako hapa mezani. Tangu ufike kutoka mjini umekionyesha kwa kila aliyebisha hodi. Tumeambiwa chuma chake hakishiki kutu, mpini wake una dira, na mtu anaweza kuishi nacho porini mwezi mzima. Sawa. Lakini asubuhi mama yako alipokuomba umsaidie kumenya ndizi, ulimwambia hicho si kisu cha jikoni, ukamwacha na kile chake kisicho na mpini. Nimenyamaza tangu asubuhi na nimechoka kunyamaza. Kaa chini unisikilize mimi bibi yako, na hiyo simu iweke pembeni.

Babu yako Elirehema, kaka yangu mkubwa, alikuwa mpagazi wa wageni waliopanda Mlima Meru. Mgeni mmoja wakati wa kuaga akampa kisu cha kukunja. Sitasema uongo kwa sababu ya hasira: kilikuwa kizuri. Mpini wa pembe, maungio ya shaba, na ukikifungua kinalia kidogo, ta, kama ulimi uliogonga kaakaa. Kaka alikishonea ala ya ngozi akaivaa kiunoni. Hata kanisani alikwenda nacho. Alikipaka mafuta wakati mama hana ya kukaangia mboga. “Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama,” alipenda kutuambia, ingawa nyama yenyewe, siku tukiipata, ilikatwa kwa kisu cha mama kilicholika mpaka kubaki nusu.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa pale Akheri. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa ametoka kujifungua, na uji wake wa uzazi ulitegemea maziwa ya ng'ombe huyo. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mchana tukasikia mkoromo huko chini ya migomba, kaka na mimi tukakimbia. Ng'ombe alikuwa ameteleza kwenye ukingo wa korongo, akaning'inia nusu. Kamba ya katani ilimbana shingoni, na ncha ya pili ilikuwa imefungwa kwenye mti wa mgrivea. Nilimshika pembe nikajaribu kumwinua. Nani anamwinua ng'ombe, mwanangu? Macho yalikuwa yamemtoka.

“Kata kamba,” nikamwambia kaka.

Akapiga magoti kwenye shina la mti akaanza kufungua fundo. Katani ikilowa huvimba. Alitumia kucha, akatumia meno.

“Kaka, kata.”

“Ngoja nilete panga,” akasema, akapandisha mbio kuelekea nyumbani.

Na kisu kilikuwa kiunoni. Nilikiona kwa macho yangu, ala ikimgonga pajani anavyokimbia. Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Aliporudi na panga, kamba ilikatika kwa pigo moja, na ng'ombe akaporomoka korongoni kama gunia. Alikuwa ameshakufa.

Baba akaja kutoka shamba la kahawa. Akamtazama ng'ombe, akatazama panga, kisha akatazama kiuno cha kaka. Hakupaza sauti.

“Hicho ni nini?”

“Kisu, baba.”

“Kwa nini hukukata?”

Kaka aliifunika ala kwa kiganja. “Kamba ilikuwa na mchanga,” akasema. “Makali yangeharibika.”

Nilidhani baba atampiga. Badala yake aliketi juu ya jiwe, akavua kofia. “Kibudu hatuli,” alisema. “Lakini ngozi tutaichukua. Fungua kisu chako, umchune.”

Kaka alimchuna peke yake, mvua ikimnyeshea. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuvumilia mpaka leo: kisu kile kilikata vizuri ajabu. Hakikukwama, hakikupinda, na mpaka anamaliza makali yalikuwa vilevile. Kamba ile kingeimaliza kwa mvuto mmoja. Kaka aliliona hilo mwenyewe kila alipovuta mkono, akawa analia bila kutoa sauti. Jioni wifi alikunywa uji wa maji matupu, na kaka hakuweza kumtazama.

Sasa usiniambie bibi anachukia vitu vya kisasa. Kisu kizuri ni kizuri, na kisu butu humkata mwenyewe. Ukiweza kununua kizuri, nunua. Lakini ukishakinunua, kitumie. Kikwaruzike kwa kamba ya jirani, kinuke vitunguu vya mama yako, kishikwe na mikono yenye matope. Makali hurudi ukinoa. Pumzi iliyotoka hairudi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na chombo nacho tunakipima hivyohivyo. Hata elimu yako, hata hiyo nguvu ya ujana unayoitunza kama yai, siku mtu anaponing'inia mbele yako usikimbilie nyumbani kutafuta panga.

Mungu akupe vitu vizuri, mwanangu, vingi kuliko tulivyopata sisi. Akupe na moyo wa kuvichakaza kwa ajili ya watu, na mkono usiosita pale unapohitajika. Uzee wako usiwe na jambo la kujutia kama la kaka yangu. Amina.