Niliambiwa nimeze kwinini na maji, nikameza na MAJI

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Haya yamenipata mwenyewe hapa Newala, na hata panaponiaibisha sitapunguza.

Mke wangu, Mama Zuhura, tulimzika mwezi uliopita. Matanga yalipoisha tu, nikashikwa na homa.

Nikaenda zahanati ya misheni. Muuguzi wetu, Mama Agnesi, akanipa vikaratasi vya unga wa kwinini.

"Baba Zuhura, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Meza na maji mengi."

Sasa huku juu maji hakuna, mpaka ushuke bondeni, kisha upande nayo kichwani. Aliyekuwa akishuka ndiye tuliyemzika. Mtungi ulikuwa mkavu.

Nikamwita shemeji yangu Saidi, kaka wa marehemu. "Mlamu, niletee maji."

Akatazama huku na huku. "Maji?"

"Maji. Mengi."

"Mlamu wangu, leo umekuwa mwanaume!"

Akaja na kibuyu.

Kwa msiofuatilia, siku hizi kuna maji ya vita, eti yanageuza risasi ya Mjerumani kuwa matone. Ukikutwa nayo, kitanzi. Mimi sikuwaza vita, nilikuwa na homa. Nikameza kwinini, nikashushia kibuyu kizima.

Kumbe ndani kuna mafuta ya nyonyo, yale ya kufungulia tumbo.

Wakuu, nilikimbia. Risasi isingenipata kweli, maana sikukaa mahali pamoja.

Homa ikabaki palepale. Nikajiongezea vikaratasi vitatu kwa mpigo.

Masikio yakaanza: twi, twi, twi. Kama mtu anatwanga nyuma ya nyumba. Nikajua ni Mama Zuhura.

Nikameza kingine ili asiache.

Saidi akanibeba mgongoni hadi zahanati. Kwenye foleni ameketi askari wa Mjerumani na bunduki yake.

Mama Agnesi akanipigia kelele sikioni. "Ulimeza na nini?"

"Na maji, kama ulivyosema."

"Maji gani?"

Saidi akanifinya paja. Lakini uongo siuwezi.

"Ya Saidi!" nikajibu kwa sauti ya kiziwi. "Yana nyonyo!"

Foleni nzima ikageuka. Askari akainuka, akaja hadi usoni pangu, akainama.

"Yamebaki? Leo siku ya nne sijapata choo."

Saidi akachomoa kibuyu kingine alichoficha nguoni, akampa chote.

Mama Agnesi akanieleza: nyonyo iliisukuma dawa nje kabla mwili haujaichukua, tena ikanikausha mwili. Nami nikazidisha kwinini, na kwinini ikizidi inavamia masikio. Ningeendelea, ningebaki kiziwi au nimfuate mke wangu.

Kwa hiyo mwambieni mtoa dawa kila mlichokunywa, hata kile cha kunyongewa.

Siku ya tatu kutwanga kukakoma. Nyumba ikawa kimya kabisa, nikalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kisha nikachukua mtungi, nikashuka bondeni mwenyewe.

Nyie dawa zenu mnashushia na nini? Semeni ukweli tu wakuu, askari bado yuko chooni.